NYUMBA ZETU NA NYUNDO YA DALALI

(Hotuba iliyosomwa katika warsha ya elimu ya uraia, mbele ya viongozi wa makanisa, kamati za haki na amani, na wanaharakati wa mageuzi.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Mtu akitiwa kizuizini kwa ajili ya siasa, jina lake hutajwa kanisani na kuombewa. Mtu akibandikiwa tangazo la mnada langoni, hulibandua usiku, hufunga mlango, na Jumapili inayofuata haonekani tena mahali pake pa kawaida. Aibu humtenga na watu wale wale ambao wangeweza kumsaidia. Sisi tunaokaa na watu wa namna hii tumejifunza kwamba aibu hiyo ndiyo mshirika mkubwa wa mkopeshaji dhalimu, kwa kuwa nyumba nyingi hupotea kwa sababu mwenyewe alichelewa kusema, wala si kwa sababu alikosa haki.

Walio na Biblia wasome baadaye kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Hapo watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia hakuwaambia wavumilie. Aliwaita wakubwa kwenye mkutano wa hadhara, akawakemea kwa kutoza riba, akawataka warudishe mashamba na nyumba siku ile ile, kisha akawaapisha mbele ya makuhani. Tunakipenda kisa hiki kwa sababu kina hesabu ndani yake: ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza imetajwa waziwazi. Anayetaka kuwatetea wenye nyumba lazima awe tayari kushika kalamu na kupiga hesabu.

Basi tupige hesabu ya kwetu. Hadi katikati ya mwaka wa 1991, Serikali ndiyo iliyoweka kikomo cha riba. Mwezi wa Julai mwaka huo kikomo kiliondolewa. Ulipofika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, fedha zilimiminwa nchini kama maji ya mafuriko, na wakati huo huo kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikiikausha Hazina. Mwaka wa 1993 Serikali ilihangaika kuzirudisha fedha hizo kwa kuuza hati za Hazina za muda mfupi, na riba ya hati hizo ikapanda kupita asilimia 80. Benki iliyoweza kuikopesha Serikali kwa faida ya namna hiyo haikuwa na sababu ya kumhurumia mwalimu wa shule ya msingi. Riba ya mikopo ya kawaida nayo ikapita asilimia 30.

Chukueni mfano wa mtu aliyebakiwa na deni la shilingi 500,000 la nyumba, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 7,500. Akilipa shilingi 9,000 kila mwezi, deni linapungua, ijapokuwa polepole. Sasa riba ipande hadi asilimia 33. Riba ya mwezi inakuwa shilingi 13,750. Mtu huyu akiendelea kulipa zile 9,000 zake kwa uaminifu, bila kukosa hata mwezi mmoja, deni lake linaongezeka kwa shilingi 4,750 kila mwezi, na nyongeza hiyo nayo inazaa riba. Anakwenda benki akiwa na mfuko wa risiti, anaambiwa anadaiwa kuliko alichokopa. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno ya mdomo. Katika hati ya rehani aliyotia sahihi, kurasa nyingi zenye herufi ndogo, kulikuwa na kifungu kinachoiruhusu benki kubadilisha riba wakati wowote kwa hiari yake.

Ndiyo maana hatukubali jambo hili liitwe habari ya watu wasiojua kupanga matumizi yao. Maamuzi yaliyofanywa katika ofisi za wakubwa yaliwafikia watu mezani pao, na waliolipa hawakuwa wale walioichota Hazina.

Bunge limejaribu mara kadhaa kuweka breki. Mbunge wa Gem, Joe Donde, alipitisha mswada wake bungeni mwaka wa 2000, lakini haukupata nafasi ya kufanya kazi yake. Mwaka wa 2016 sheria iliweka kikomo cha asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019. Tusijidanganye juu ya kikomo hicho: wakati kilipokuwepo, mabenki mengi yalipunguza kuwakopesha wadogo, na baadhi ya wadogo hao walikwenda kwa mashailoki, ambao hawajui kikomo chochote.

Lakini kuna mambo mawili yaliyobaki imara, na tunataka kila mmoja aondoke hapa akiyajua. La kwanza ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Siku mkopo unapohesabiwa kuwa haulipwi tena, benki inaangalia kiasi cha mkopo halisi kilichobaki siku hiyo. Tangu hapo, riba yote itakayoongezeka haiwezi kupita kiasi hicho. Kama zilibaki shilingi milioni 1, riba itasimama ikifika milioni 1 nyingine, na juu yake zinaweza kuongezwa gharama halali za kudai deni, basi. Tumekuta madai yaliyofika mara nne na mara tano ya kiasi kilichobaki. Mtu aliyepokea dai la namna hiyo anapaswa kuuliza, kwa barua, mkopo wake ulihesabiwa lini kuwa haulipwi na siku hiyo zilibaki shilingi ngapi. Swali hilo fupi limewahi kubadilisha sauti ya meneja mkali sana.

La pili ni kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo, kinachokataza benki kuongeza tozo zake bila idhini ya Waziri. Kwa miaka mingi mabenki yalidai kwamba riba haimo katika neno hilo. Mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo na kuamua kwamba riba imo. Kwa hiyo kile kifungu cha "kwa hiari yake", ambacho kimeliza watu tangu 1993, sasa kina jibu katika mahakama ya mwisho kabisa ya nchi hii.

Tuje kwenye utaratibu wa kuuza, maana hapa ndipo penye kazi kubwa ya kamati zenu.

Hadi mwaka wa 2012 tulitawaliwa na sheria zilizorundikana. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Uhamisho wa Mali ya India ya mwaka wa 1882, iliyokuja na mkoloni na kukaa miongo mingi baada ya bendera yake kushushwa. Nyingine ilikuwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300, ya mwaka wa 1963. Chini ya Sura hiyo mkopeshaji alitoa ilani ya miezi mitatu, kisha angeweza kuuza pasipo kumwona jaji hata mara moja. Na akiuza visivyo, aliyedhulumiwa alibakiziwa njia moja tu, kudai fidia ya fedha. Hata hivyo, mahakama hazikukosa meno kabisa. Katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Eros Chemists, mwaka wa 2000, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba ilani lazima imweleze mdaiwa wazi juu ya miezi yake mitatu. Isipofanya hivyo, haki ya kuuza haijazaliwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, iliyozaliwa na Katiba ya 2010, imeongeza vizuizi njiani. Mdaiwa akishindwa kulipa na mwezi mmoja ukapita, mkopeshaji humpelekea ilani ya maandishi chini ya kifungu cha 90. Ilani hiyo itaje kosa ni lipi, ni kiasi gani kilipwe ili kosa lirekebishwe, na impe muda usiopungua siku 90. Tena imweleze kwamba anayo haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Siku hizo zikiisha bila malipo, mkopeshaji bado hawezi kumwita dalali aje na nyundo. Kifungu cha 96 kinamtaka atoe ilani ya pili, ya kuuza, na asubiri siku 40. Nakala ya ilani hiyo apewe pia mwenzi wa ndoa wa mdaiwa, wamiliki wenza na mdhamini. Halafu dalali naye ana kanuni zake za mwaka wa 1997: atoe ilani ya siku 45 ya kukomboa mali, na mnada usifanywe kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Yeyote anayehesabu vizuri ataona kwamba tangu siku ya kushindwa kulipa hadi siku ya mnada halali ni lazima ipite miezi mitano na zaidi. Ukisikia nyumba imeuzwa wiki sita baada ya mtu kukosa malipo, kuna hatua iliyorukwa.

Swali la kwanza tunalomuuliza kila anayekuja kwetu ni: ulipata barua gani, lini, na bahasha iko wapi? Bahasha, ndugu zetu! Watu huzitupa. Muhuri wa posta ulio juu ya bahasha unaweza kuonyesha kwamba ilani iliyoandikwa tarehe 2 iliwekwa posta tarehe 25. Na mdaiwa anaposema hakupokea ilani, ni juu ya mkopeshaji kuthibitisha kwamba aliipeleka. Lakini angalieni hapa pia: hati nyingi za rehani husema kwamba barua iliyotumwa kwa sanduku la posta lililoandikwa kwenye hati imehesabiwa kuwa imefika. Waliohama kutoka Nakuru kwenda Kitengela wakaacha sanduku lao likitumiwa na mwajiri wa zamani wamejikuta mbele ya jaji wakiapa kwamba hawakuona chochote, na jaji anaonyeshwa risiti ya rejista. Ukibadilisha anwani, iandikie benki, na utunze nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kifungu cha 97 ni kifungu cha bei. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati wa kuuza, na kabla ya kuuza lazima mthamini aikague nyumba. Nyumba ikienda kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka mkopeshaji athibitishe vingine. Nyumba ya milioni 8 iliyouzwa kwa milioni 6 inaingia hapo. Tumekutana na ripoti za uthamini zilizoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kushuka kwenye gari. Waulizeni majirani kama kuna mtu aliyeingia ndani ya nyumba akapima vyumba.

Kina mama watupe masikio zaidi katika jambo linalofuata. Zamani mume aliweza kuichukua hatimiliki kutoka kabatini asubuhi, akaiweka rehani adhuhuri, na mke asijue mpaka siku ya dalali. Tangu 2012, kifungu cha 79 kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haifai kitu bila sahihi ya mwenzi anayeishi humo au ushahidi kwamba alikubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 nayo inataka ridhaa ya maandishi, iliyotolewa na mtu anayejua anachokubali. Na kifungu cha 105 cha Sheria ya Ardhi kinaipa mahakama uwezo wa kuifungua upya rehani ya nyumba ya ndoa ili haki itendeke kati ya pande zote. Mtu atauliza: na yule mke aliyeitwa ofisini kwa wakili jioni, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, akaambiwa ni karatasi za kawaida? Huyo ndiye tunayempata mara nyingi kuliko aliyeghushiwa sahihi, na kesi yake ni ngumu, kwa sababu sahihi ni yake. Afadhali kanisa limfundishe kusoma hati hiyo siku ya kufunga ndoa kuliko sisi tumtetee miaka kumi baadaye.

Kwa shamba la kilimo kuna mlango mwingine. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka wa 1967 inataka idhini ya Halmashauri ya Ardhi kabla shamba halijawekwa rehani. Pasipo idhini hiyo, shughuli yote ni batili. Nendeni kwa ofisi husika mkaulize kumbukumbu za kikao. Wakati mwingine idhini ipo na kikao hakipo.

Sasa tuseme tumekuta kasoro. Tunakwenda mahakamani kuomba amri ya kuzuia mnada, na hapo jaji hutupima kwa mizani iliyowekwa mwaka wa 1973 katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown. Mwombaji aonyeshe kwamba ana kesi yenye matumaini ya kushinda. Kwamba asipolindwa atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha. Na jaji akibaki na shaka, apime ni nani ataumia zaidi.

Ni ile hatua ya pili inayotuvunja mgongo. Majaji wengi wamesema kwamba mtu akishaweka ardhi rehani ameigeuza kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, ina bei, na bei inaweza kulipwa. Kwa heshima zote tunazoipa mahakama, tunaliona wazo hilo kuwa geni katika nchi hii. Katika sehemu nyingi za Kenya nyumba haisimami peke yake. Nyuma yake kuna kaburi la baba na la mtoto aliyekufa kwa surua. Mkulima hakuliweka kaburi rehani kwa moyo wake, hata kama mpaka wa shamba kwenye ramani umelizunguka. Ni fidia gani itakayompa mama mjane ruhusa ya kuingia kwa mgeni kila mwaka kupalilia kaburi la mumewe? Hoja hii tunaiomba iwekwe katika kila hati ya kiapo, kwa ukweli wake, pamoja na picha za makaburi hayo. Jaji hawezi kuamua juu ya jambo ambalo hakuelezwa.

Lingine la kukumbuka ni kwamba kubishana juu ya kiasi cha deni peke yake hakuzuii mnada. Mahakama husema: kama unakubali unadaiwa kitu, lipa hicho unachokikubali. Kwa hiyo tunawashauri watu wasiache kulipa eti kwa sababu wamepeleka kesi. Anayefika mbele ya jaji akiwa na risiti ya mwezi uliopita, hata ya kiasi kidogo, anasikilizwa kwa sikio jingine.

Na saa ni muhimu. Sheria inamruhusu mdaiwa kuikomboa mali yake wakati wowote kabla haijauzwa. Nyundo ikishagonga na mnunuzi kukubaliwa, haki hiyo imekwisha, na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na sheria. Tumepokea watu waliokuja Jumatatu juu ya mnada wa Ijumaa iliyopita. Tuliwapa chai, tukawasikiliza, na tukashika kesi ya fidia ambayo huenda ikachukua miaka.

Juu ya mashailoki tutasema kwa ufupi, kwa kuwa hila yao ni moja. Anakukopesha shilingi 200,000, anachukua hatimiliki, na badala ya hati ya rehani anakutilisha sahihi mkataba wa mauzo pamoja na fomu tupu ya uhamisho. Ukichelewa, fomu inajazwa. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 80, inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Lakini ili kuitumia ni lazima tuthibitishe kwamba ule mkataba wa mauzo ulikuwa mkopo uliovikwa nguo nyingine. Jumbe za simu za kuomba muda wa kulipa "riba ya mwezi huu" zimewahi kuwa ushahidi mzuri kuliko mashahidi watatu. Msizifute.

Tuna neno gumu pia kwa upande wetu wenyewe. Si kila anayelia juu ya mnada amedhulumiwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakubwa walikopa mamilioni kwa simu ya mtu wa ikulu, wakakataa kulipa, na baadhi ya mabenki yakaanguka. Waliopoteza akiba zao huko ni wauza mboga na vyama vya kina mama. Wapo wakubwa waliotumia zile zile amri za kuzuia ambazo leo tunamwombea mjane. Kwa hiyo kamati isimchukue mtu kabla ya kuona karatasi zake zote, pamoja na zile anazozificha. Mahakama haimwonei huruma anayeficha, na jina la kanisa likishatumika vibaya mara moja, mjane anayekuja baada yake ndiye atakayelipa.

Kazi inayobaki kwenu si ya mawakili. Kila parokia au usharika uwe na watu wawili wanaojua kusoma ilani na kuhesabu siku. Wamsaidie mtu kuandika barua ya kuomba taarifa kamili ya hesabu ya mkopo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari anayoihitaji ili kulinda haki yake, hata kama habari hiyo iko kwa benki. Wampeleke kwa msajili wa ardhi kufanya upekuzi. Wasiokuwa na fedha za wakili waelekezwe kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016. Na pale ambapo deni ni la haki na halilipiki, msaidieni mtu aiombe benki ruhusa ya kujiuzia nyumba mwenyewe. Anayeuza kwa hiari, akiwa na miezi mitatu ya kutafuta mnunuzi, kwa kawaida hupata bei ambayo dalali hatampatia, na hubaki na kitu cha kuanzia upya.

Tumeweka meza mbili nyuma ya ukumbi. Walio na ilani ambazo siku zake zimebaki chini ya 14 watangulie, waje na hati ya rehani, risiti, na bahasha kama bado wanazo. Wengine tutawasikiliza baada ya chakula.